Jinsi ya kusikiliza jemu ndefu ya bendi ya roki bila kupotea njiani

Mi ni mpiga besi, bendi yetu ni ya dansi, wikiendi tunapiga kumbi za Dar, na kila nikisema nyumbani huwa nasikiliza roki ya dakika 26 bila kuruka hata sekunde, wenzangu wananicheka, eti makelele yote hayo unayasikilizaje. Sasa sikia. Mtu aliyekulia kwenye sebene nusu ya kazi ameshaimaliza. Si unajua, wimbo umeshaimbwa, magitaa yanafunguka, solo anachonga, rithimu anajibu, besi na dramu wanasukuma, watu wanasimama. Jemu ya roki, yaani ule upigaji mrefu wa kubuni papohapo, inaanzia hapohapo, ila kwenye sebene kila mtu anajua nyumba iko wapi (ile sauti ambayo muziki unarudi kutulia) na mnazunguka humohumo, hawa jamaa wa roki wanaweza kutoka nje usiku uleule, mbele ya watu, wakaanza kutafuta nyumba nyingine na hakuna aliyekubaliana na mwenzake waende wapi.

Ukifuata solo tu utaona mtu anazungukazunguka mpaka usingizi ukupitie. Nimefanya hivyo miaka. Utamu uko chini kule kwa besi na rithimu, na sisemi hivi kutetea ugali wangu (haya, kidogo).

Tutatumia kipande kimoja tu: Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, tarehe 8 Mei 1977, Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mji wa Ithaca, jimbo la New York. Humo wimbo Scarlet Begonias unaunganishwa na Fire on the Mountain bila kusimama. Rekodi ni safi, aliirekodi Betty Cantor-Jackson, ikatolewa rasmi 2017, na mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani ilishaiingiza kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa. Mi naipenda kufundishia kwa sababu nyingine kabisa: nyimbo hizi mbili ziliungwa kwa mara ya kwanza tarehe 18 Machi mwaka huohuo, San Francisco, yaani Cornell hawajafikisha hata miezi miwili, mshono bado mbichi na unausikia wakiutafuta.

Usianze na Dark Star. Huo ni wimbo wao mwingine, na kila mtu atakwambia anza na Dark Star ya Februari 1969, ile ya dakika 23, na ni kweli ni kitu cha ajabu, wimbo ambao kwenye santuri ya 1968 hauna hata dakika tatu. Lakini ile imekaa kama taksim kwenye taarabu, mapigo yanaelea, hakuna pa kushika. Utaikuta baadaye.

Hatua ya 1: achana na spika ya simu

Waya mnene wa besi ukiupiga wazi unatoa sauti ya Hz 41. Spika ya simu haifiki huko hata kwa dua, kwa hiyo unasikiliza bendi ambayo mtu mmoja hayupo, na mtu mwenyewe ndo mwenye usukani. Tafuta hedifoni za kufunika masikio, hata za mtumba. Pia zipime: vaa upande mmoja, kisha upande wa pili, kwenye rekodi nyingi za bendi hii zilizotoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti ukumbini) magitaa mawili yamegawanywa, moja limeegemea huku lingine kule, na ukishajua nani kakaa wapi hutayachanganya tena.

Kuhusu bando: rekodi zao ziko tele kwenye Internet Archive. Zile za mikisa ni za kusikiliza mtandaoni tu, ila nyingi walizorekodi mashabiki wenyewe ukumbini unaweza kudaunlodi ukakaa nazo. Bendi iliruhusu mashabiki warekodi, na 1984 wakaanza kuwatengea eneo lao kabisa la kusimamisha maiki.

Hatua ya 2: mara ya kwanza usifanye kazi

Sikiliza yote, umelala, una kikaratasi. Kila unapohisi kitu kimesogea andika dakika. Dakika tu! Usiandike "hapa patamu", kesho hutakumbuka patamu vipi.

Hatua ya 3: itafute nyumba kwa kuvumisha

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na haihitaji kujua muziki. Maneno ya Scarlet yakiisha inabaki kupigwa. Hapo funga mdomo, vumisha sauti moja, mmmm, ipandishe ishushe mpaka ikae, utajua imekaa kwa sababu mwili wenyewe unatulia. Ukiwa na gitaa karibu utakuta hiyo ni B. Sasa usiiachie. Shikilia B yako huku bendi inaendelea, maana chini yako wanakwenda na kurudi kati ya kodi mbili (siyo kodi za TRA, ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), B na A. Wakiwa kwenye B sauti yako inazama ndani yao huisikii. Wakihamia A sauti ni ileile, hujaigusa, ila inaanza kuwasha, kama kokoto dogo kwenye kiatu. Wakirudi, kokoto limetoka.

Dakika tano za zoezi hilo na umeshapata kitu ambacho watu wanakitafuta kwenye vitabu vya nadharia. Kuanzia hapo solo akifanya vituko vyovyote we unajua yuko ndani, yuko mlangoni, au yuko barabarani.

Hatua ya 4: mtu mmoja kwa kila mzunguko

Rudia kipande kilekile, kila mara na mtu mmoja, na Jerry Garcia mwenye solo awe wa mwisho.

Anza na Phil Lesh, besi. Huyu kabla ya 1965 hakuwa mpiga besi kabisa, alikuwa mtu wa tarumbeta na alisoma utunzi, besi kaishika alipoingia bendi. Ndo maana hafanyi kile tunachofundishwa sisi, piga mzizi wa kodi, ile noti inayoipa kodi jina, kwenye pigo la kwanza halafu tulia. Anakatiza katikati, anapanda juu, anaongea. Hesabu moja mbili tatu nne na uone mara ngapi kwenye "moja" hayupo. Mi mara ya kwanza nilidhani kakosea.

Halafu Bob Weir, rithimu. Wengi hawamsikii mpaka waambiwe. Kwetu rithimu anashika mchoro mmoja anauzungusha mpaka jasho, Weir karibu harudii, anadonoa vipande vya kodi juu kwenye shingo ya gitaa, na amewahi kusema kwamba alikuwa anaiga mkono wa kushoto wa McCoy Tyner, mpiga piano wa John Coltrane, yule mpiga saksafoni wa jazi. Ukishajua hilo unaacha kumsikiliza kama gitaa.

Wapiga dramu wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, wape mzunguko mmoja, na piano ya Keith Godchaux mzunguko mmoja. Tusikae hapo.

Garcia mwisho. Alikuwa mpiga banjo, na inasikika, kila noti imesimama peke yake, haijapakwa juu ya nyingine. Mkono wa kulia kidole cha kati kilikatika akiwa mtoto. Ila sasa utamsikia tofauti, kwa sababu umeshawasikia wanaomjibu, na utagundua mara nyingi ni yeye anayejibu.

Hatua ya 5: nani kasema kwanza

Kuna bendi nyingine ya jemu, Phish, imeanzia Vermont 1983, walikuwa na zoezi lao la mazoezini: mmoja anaanzisha kijipande, wengine wanatafuta cha kukaa nacho, na kila mtu anayesikia kwamba wenzake wote wameshakamatana anasema "hey" kwa sauti, wote wakishasema ndo wanahama. Yaani husemi ukijisikia wewe, unasema ukiwasikia wenzako.

Fanya hivyo kama msikilizaji. Wakikamatana sema "haya!". Kisha rudisha nyuma sekunde 20, utafute nani alianzisha. Mara nyingi siyo aliye juu. Ni besi kashika noti mbili akazirudia, au dramu kaacha matoazi akahamia kwenye rimu, ukingo wa ngoma.

Hili nililijua kwa aibu. Tulikuwa ukumbini, sebene imenoga, solo wetu kaonyesha kwamba tunahama, rithimu kamsoma, dramu kamsoma, mimi macho kwa mdada mmoja aliyekuwa anacheza pale mbele, nikabaki kwenye kodi ya zamani peke yangu mizunguko miwili mizima. Kiongozi hakusema kitu. Alinitazama tu, na posho ya usiku ule niliipokea nikiangalia chini.

Hatua ya 6: mshono

Sasa weka dakika tatu za mwisho za Scarlet na ya kwanza ya Fire. Kosa la wengi ni kuamini pale namba ya traki inapobadilika. Ule mstari kaukata mtu wa studio baadaye, jukwaani haukuwepo. Chora karatasi yako safu tatu, besi, dramu, magitaa, na kwa kila safu andika dakika ambayo *we* unaona huyu ameshaingia Fire. Fire yenyewe nayo ni B na A mwanzo mwisho, ndo maana wanaweza kuvuka bila kugonga ukuta, kinachobadilika siyo kodi, ni mwendo na ule mchoro wa besi unaojikunja palepale. Safu zako hazitalingana. Zikilingana umesikiliza haraka, rudia. Pale katikati kuna muda mrefu ambao siyo Scarlet wala Fire, na mi nadhani hicho ndo kipande kizuri kuliko vyote vya usiku ule.

Alama ya kujua mmeshafika: gitaa la Garcia linaanza kutamka "wau, wau" kama lina mdomo. Ni kifaa cha mguuni kinaitwa Mu-Tron, kinafungua sauti kadiri unavyokwaruza waya kwa nguvu, akipiga pole kinanong'ona.

Hatua ya 7: Fire ileile, mlango mwingine

Ukishamaliza Cornell nenda Giza, Misri, tarehe 16 Septemba 1978, bendi hiihii, piramidi zile pale. Rekodi imetolewa rasmi 2008. Safari hii hawaingii Fire kupitia Scarlet. Anaanza Hamza El Din, Mnubi, mpiga udi na tari, yeye na wenzake wanaimba kwa Kinubi na makofi, na yale makofi hayajakaa kwenye nne uliyoizoea kwenye roki, ukijaribu kuhesabu utajikuta umeteleza. Halafu bendi inaingia juu ya makofi, mmoja mmoja.

Fanya kilekile, vumisha, safu tatu, dakika. Ongeza safu ya nne ya makofi, na uandike yalipoacha kuongoza. Mi kwenye karatasi yangu nimefuta hiyo dakika mara nne na bado sijaridhika.