Njegere jikoni kwetu Dodoma: kuchagua, kupika na kutunza

Mimi ni mama lishe hapa Majengo, na kuna jambo moja nawaambia wateja wangu kila siku: njegere si kipambo cha pilau la sikukuu. Ni mboga kamili ya kulia ugali.

Anza na kuchagua. Njegere hupenda ubaridi, kwa hiyo zinazofika sokoni kwetu nyingi zimesafiri kutoka milimani, Lushoto au Njombe. Safari hiyo ina gharama yake, kwa sababu zikishachumwa sukari yake huanza kugeuka wanga, utamu ukapungua na punje zikawa ngumu. Chagua ganda la kijani kibichi, lililojaa, linalovunjika kwa mlio. Lililoanza kuwa njano limekomaa mno. Zilizomenywa na kufungwa kwenye mfuko zinarahisisha kazi, ila fungua unuse kwanza. Zikiteleza au zikitoa harufu ya kuchacha, ziache, hata kama bei imeshushwa.

Kuhusu lishe, gramu 100 za njegere mbichi zina protini gramu 5 hivi, nyuzinyuzi zaidi ya gramu 5, na vitamini C takriban miligramu 40, ingawa moto huipunguza sana. Kwetu sisi walaji wa uwele na mtama kuna faida kubwa zaidi. Nafaka hizo zina upungufu wa laisini, moja ya chembe zinazojenga protini mwilini, na njegere zinayo kwa wingi. Kile ambacho njegere zimepungukiwa nacho, nafaka inacho. Ndiyo maana sahani ya ugali wa uwele na njegere inashibisha kweli, hata siku ambayo nyama haikupatikana. Zina pia foleti, vitamini ya kundi B ambayo mjamzito anaihitaji sana, ila asiache vidonge alivyopewa kliniki.

Sasa kupika. Kwa nusu kilo ya njegere zilizomenywa, chemsha maji kwanza, kidogo tu ya kufunika punje, ndipo uzitie. Usifunike sufuria, rangi itabaki kijani. Changa huiva kwa dakika 5 hadi 8. Zilizokomaa zinaweza kufika 20. Maji yaliyobaki usimwage, ndiyo rojo. Kaanga kitunguu kwa mafuta ya alizeti, tia nyanya tatu, zikilainika mimina njegere na maji yake. Koroga karanga za kusaga vijiko vitatu kwenye maji ya vuguvugu, uongeze, upike kwa moto mdogo dakika 10 huku ukikoroga, maana karanga hushika chini upesi. Nazi ni tamu, sikatai, lakini inatoka pwani. Karanga ni za hapa hapa. Ukishaepua, kamulia ndimu. Ile vitamini C ya ndimu huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye njegere. Chai, kinyume chake, huyazuia, hivyo inywe baadaye, saa moja hivi baada ya kula.

Nawaomba sana, msitie magadi ili ziive haraka. Yanaharibu vitamini, hasa B1. Magadi tuyaache kwenye mlenda.

Mtoto aliyefikisha miezi sita mpikie mpaka zilainike kabisa, ponda, kisha pitisha kwenye chujio kuondoa ngozi. Usimpe punje nzima, inaweza kumkaba. Maganda wape mbuzi.

Kutunza: kama huna friji, ziache ndani ya maganda, kivulini, zimefunikwa kitambaa chenye unyevunyevu, na uzipike ndani ya siku moja au mbili. Mwenye friji ya kugandisha azitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2, azihamishie kwenye maji baridi, azichuje, azipange kwenye mifuko midogo midogo, kila mmoja wa kutosha kupika mara moja. Hewa yetu kavu nayo inafaa kwa kukausha: baada ya maji ya moto, zitandaze kwenye ungo penye kivuli na upepo, ufunike kwa kitambaa chepesi kuzuia vumbi na nzi. Jua kali la moja kwa moja hufifisha rangi na kula vitamini. Zikikauka kabisa, hifadhi kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, na siku ya kuzipika ziloweke tangu usiku.