SOMO: Namna ya kupekua habari za ndoa za utotoni mtandaoni bila kuingizwa chaka

Habari zenu wadau. Ombi limekuja mara nyingi: tufundishane namna ya kujua taarifa ipi ya mtandaoni ishikwe na ipi iachwe, hasa kwenye haya mambo ya jamii ambayo kila mtu ana neno nayo. Sitatoa kanuni zinazoelea hewani. Nachukua jambo moja tulifukue hadi chini: ndoa za utotoni Tanzania. Nimelichagua kwa sababu lina kila aina ya mtego. Kuna takwimu zilizochakaa, hukumu inayonukuliwa nusunusu, picha za kutia huruma, na mashirika yanayohitaji wafadhili. Washa simu au kompyuta, tuanze.

Hatua ya 1: Geuza mada kuwa swali

Ukiandika "ndoa za utotoni Tanzania" kwenye Google utaletewa kila kitu, yaani hujaletewa chochote. Jiulize unataka kujua nini hasa. Mimi nimeweka mawili: je, zinapungua? Na sheria inasemaje? La kwanza linajibiwa na watu wa takwimu, la pili linajibiwa na Bunge na mahakama. Ukiyachanganya utaishia kumwuliza mwanasheria asilimia na mtakwimu vifungu.

Tafuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana ripoti nyingi za kitaifa zimeandikwa kwa Kiingereza na magazeti ya Kiswahili hubeba muhtasari tu. Ukiongeza site:go.tz mwishoni mwa utafutaji, Google inakuletea tovuti za serikali peke yake. Ukiongeza filetype:pdf unapata ripoti zenyewe badala ya habari kuhusu ripoti.

Hatua ya 2: Mwache aliyenukuu, mtafute aliyehesabu

Hapa tukae kidogo, ndiyo kazi yenyewe.

Bila shaka umekutana na usemi huu: Shinyanga inaongoza kwa ndoa za utotoni kwa asilimia 59, ikifuatiwa na Tabora 58, Mara 55 na Dodoma 51. Umo kwenye magazeti, kwenye maandiko ya kuombea miradi, hadi kwenye hotuba. Mara nyingi unaandikwa kwa wakati uliopo, kana kwamba watu wamehesabiwa juzi.

Tafuta namba hizo pamoja na majina ya mikoa, kisha chuja matokeo kwa tarehe uone andiko la zamani kabisa. Gazeti linanukuu shirika, shirika linanukuu shirika lenzake, na mwisho wa mnyororo unatua kwenye utafiti wa TDHS wa mwaka 2010, ule wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na wenzao wa Zanzibar.

Basi takwimu ni halali, haikutungwa na mtu. Ila ni ya 2010. Na Shinyanga ya 2010 siyo Shinyanga ya leo! Mwaka 2012 serikali ilianzisha mikoa mipya minne: Geita, Simiyu, Katavi na Njombe. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga zikaingia Simiyu, na Bukombe ikaenda Geita. Anayeandika leo kwamba Shinyanga ina asilimia 59 anaibebesha Shinyanga mabinti wa Maswa na Bukombe ambao wilaya zao zimekwishahama mkoa.

Halafu angalia waliohojiwa. Utafiti ule ulihoji wanawake 10,139 wa miaka 15 hadi 49 nchi nzima. Wa miaka 20 hadi 24, ambao ndio wanaotumika kwenye kipimo hiki (tutakieleza Hatua ya 3), hawakufika elfu mbili. Wagawe kwa mikoa 26 ya wakati ule, kila mkoa unabaki na kama sabini kwa wastani. Kwa idadi hiyo, Shinyanga ya 59 na Tabora ya 58 ni kitu kimoja, na hilo neno "inaongoza" ni la mwandishi, siyo la mtakwimu.

Hayo yote tumeyapata bila kumpigia mtu simu.

Hatua ya 3: Soma kichwa cha jedwali kabla ya namba

Kitaifa mfululizo uko hivi: asilimia 37 mwaka 2010, 31 mwaka 2015/16, 29 mwaka 2022. Ni asilimia ya nini? Ni wanawake wenye miaka 20 hadi 24 siku ya mahojiano, waliosema waliolewa au walianza kuishi na mwenza kabla ya kutimiza miaka 18.

Isome tena taratibu. Kwanza, haihitaji cheti wala shehe wala padri. Binti aliyehamia kwa mwanamume amehesabiwa. Pili, inamuuliza mtu mzima kuhusu jambo lililopita. Mwanamke wa miaka 24 aliyehojiwa mwaka 2022 alitimiza 18 karibu na 2016. Wa miaka 20 alitimiza 2020. Kwa hiyo ile 29 inatuambia zaidi yaliyotokea katikati ya muongo uliopita kuliko yanayotokea sasa kijijini kwenu. Nimesoma mabishano marefu kwamba hukumu ya 2016, ile ya Mahakama Kuu juu ya umri wa kuolewa tutakayoifikia Hatua ya 4, haikusaidia kitu kwa sababu asilimia imeshuka mbili tu. Sehemu ya mabinti hao walikuwa wameshaolewa hukumu haijatoka! Anayetaka kuipima hukumu kwa namba hii asubiri tafiti zijazo.

Na kushuka kwa pointi mbili kwenye utafiti wa sampuli ni kushuka kwa kusemea kwa sauti ya chini. Kutoka 37 hadi 31 nalisema wazi. Kutoka 31 hadi 29 nasema "inaelekea".

Hatua ya 4: Hukumu isome mwenyewe

Julai 2016 vichwa vya habari, hasa vya nje, vilitangaza kwamba Tanzania imepiga marufuku ndoa za utotoni. Vingi bado viko mtandaoni na Google inavipenda.

Nenda TanzLII, maktaba ya bure ya hukumu na sheria zetu, utafute Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, inamruhusu mwanamume kuoa akiwa na miaka 18 na mwanamke kuolewa akiwa na 15, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa 14. Kifungu cha 17 kinahusu ridhaa ya mzazi kwa binti aliye chini ya 18. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja ivirekebishe. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Umeona pengo? Mahakama iliagiza sheria irekebishwe, na anayerekebisha sheria ni Bunge. Mwaka mzima baada ya rufaa kutupwa, Oktoba 2020 ilifika na kifungu cha 13 kiko vilevile kwenye kitabu. Kwa hiyo aliyeandika "marufuku" mwaka 2016 aliruka ngazi, na aliyeandika "hakuna kilichobadilika" naye ameificha hukumu ya mahakama ya juu kabisa nchini. Ukitaka hali ya siku unayosoma, fungua orodha ya miswada na sheria kwenye tovuti ya Bunge, na uangalie toleo la sheria ulilonalo. PDF nyingi zinazozunguka WhatsApp ni toleo la urekebu la 2002.

Hatua ya 5: Msemaji ni nani, anakula wapi

Hili fupi. Shirika linalopambana na ndoa za utotoni lina sababu ya kuchagua namba kubwa, na ofisi ya serikali ina sababu ya kuchagua inayoshuka. Hiyo haiwafanyi waongo. Ukiona mmoja kakupa namba bila mwaka, toka kwenye ukurasa wake, fungua mwingine, uone wengine wanasemaje juu yake na juu ya namba ile. Usihukumu kwa uzuri wa tovuti. Tovuti nzuri siku hizi inajengwa kwa jioni moja.

Hatua ya 6: Picha

Mwaka 2014 shirika la Plan nchini Norway lilianzisha blogu ya binti wa miaka 12 aitwaye Thea anayejiandaa kuolewa na mwanamume wa miaka 37. Gauni jeupe, keki, kila kitu. Watu walikasirika, wengine wakataka polisi waingilie. Ilikuwa kampeni, harusi ya kuigiza. Ukiikata picha moja pale ukaibandika maelezo mengine, tayari una "tukio la jana". Ibonyeze picha uitafute kwa Google Lens au TinEye uone ilionekana lini mara ya kwanza. Na kama ni ya binti halisi anayetambulika, usiisambaze hata kama ni ya kweli.

Hatua ya 7: Weka kumbukumbu

Jina la waraka, mwaka, ukurasa, namba ya jedwali. Kiungo kihifadhi pia kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni, maana tovuti zetu za serikali zikibadilishwa muundo viungo vya zamani vinakufa vyote siku moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kahama: Mwalimu shikamoo. Nimesoma kwamba anayeoa mwanafunzi anafungwa miaka 30. Sasa hiyo sheria ya miaka 15 inatoka wapi tena? Mbona zinapingana?

Marahaba. Zote zipo. Ya miaka 30 ni marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, nayo inamlinda binti akiwa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Aliyemaliza darasa la saba hakuendelea, au ambaye hakuandikishwa kabisa, anaangukia kwenye Sheria ya Ndoa. Hapo katikati ndipo mabinti wengi wanapopotelea, na ndiyo maana kusoma sheria moja tu kunadanganya. Halafu kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 inayosema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Zisome zikiwa pembeni kwa pembeni.

Mwanachama, Unguja: Sisi huku Sheria ya Ndoa ya 1971 haituhusu. Vipi mnatutia kwenye hesabu moja?

Umesema kweli, na asante kwa kunikaba. Sheria ile ni ya Bara. Zanzibar kuna Mahakama za Kadhi na kuna Sheria ya Mtoto ya 2011 ya kwenu wenyewe. Ila asilimia ya "Tanzania" kwenye utafiti inajumuisha pande zote mbili, kwa hiyo mtu akiweka namba ya Muungano mzima na sheria ya Bara kwenye sentensi moja, mwambie atenganishe. Ripoti ina safu ya Zanzibar peke yake.

Mwanachama, mwanafunzi wa chuo: Shirika moja linasema wasichana wanaoolewa wadogo wameongezeka, wewe unasema asilimia imeshuka. Nani muongo?

Huenda hakuna. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 na ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Sehemu ndogo zaidi ya kundi kubwa zaidi inaweza kuwa na vichwa vingi zaidi. Tazama kama wametumia idadi au asilimia, kisha uliza idadi hiyo wameikokotoa vipi, kwa sababu hakuna mtu anayepita nyumba kwa nyumba kuhesabu ndoa hizi.

Mwanachama, Mwanza: Kaka, kwa nini nisiiulize tu akili mnemba? Inanipa jibu sekunde mbili.

Iulize, mimi pia naitumia. Ila iulize jina la waraka, siyo jibu. Inaweza kukupa namba ya kesi iliyokaa vizuri kabisa, ukiitafuta TanzLII haipo. Na mada hii imejaa asilimia 59 za zamani, nayo imesoma humohumo mtandaoni. Ikikutajia kesi, ukaifungua, ukaikuta, hapo endelea.

Mwanachama, Dar es Salaam: Nikihoji watu mtaani kwangu nikachapisha takwimu zangu, si nitakamatwa? Nasikia kuna sheria.

Unachosikia ni Sheria ya Takwimu ya 2015 ilivyorekebishwa mwaka 2018, ilipokuwa kosa kutoa takwimu zinazopinga za serikali. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Wanaokutisha wengi wamesoma habari za 2018 wakaishia hapo. Wewe sema wazi umehoji nani, wangapi na wapi, usiite mtaa mmoja "Tanzania". Na ukimhoji binti mdogo, usimwandike kwa namna ambayo jirani atamjua.

Mwanachama, Nzega: Mwalimu ripoti yenyewe ni kubwa mno, bando langu ni la kuunga unga. Nifanyeje?

Usipakue ripoti nzima. Kila TDHS ina toleo fupi la viashiria muhimu, kurasa chache na nyepesi. Pia tovuti ya DHS Program, mpango wa kimataifa wa tafiti za aina hii, ina kifaa kiitwacho STATcompiler: unachagua nchi, kiashiria na mwaka, inakupa jedwali tu bila PDF. Kinasumbua kidogo kwenye simu ndogo, igeuze ilale. Ikishindikana, ofisi ya NBS ya mkoa ipo hapo Tabora mjini. Nenda na jina la jedwali unalotaka, usiende na "naomba takwimu za ndoa za utotoni", watakuzungusha.