Kupata ukinzani na nguvu ya umeme kutokana na volti na ampea

Katika nyumba nyingi za Mombasa, hasa zilizo karibu na bahari, soketi huharibika mapema kwa sababu hewa yenye chumvi na unyevu hula shaba na skrubu zilizomo ndani. Soketi ya namna hiyo huendelea kufanya kazi, fyuzi haikatiki, na mwenye nyumba hatambui lolote mpaka siku anapoona plastiki imegeuka rangi ya kahawia. Vipimo viwili, yaani volti na ampea, pamoja na hesabu nyepesi, hutosha kuifichua kasoro hiyo mapema.

Volteji (V) ndiyo inayosukuma umeme, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo (I) ni kiasi cha umeme kinachopita, na hupimwa kwa ampea. Ukinzani (R) ni jinsi waya au kifaa kinavyouzuia mkondo huo, na kipimo chake ni omu, kilichopewa jina la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Ukitafuta ukinzani, gawanya volti kwa ampea: R = V ÷ I. Ukitafuta nguvu (P), ambayo hupimwa kwa wati, zidisha volti kwa ampea: P = V × I. Mita ikionyesha miliampea, gawanya kwanza kwa 1,000, kwa kuwa kosa la hapo huharibu kila kinachofuata.

Vipimo vyote viwili vichukuliwe kifaa kikiwa kinafanya kazi. Volti hupimwa kati ya waya wa moto, unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha. Kwa ampea, napendelea mita ya kubana waya, kwa sababu haihitaji kukata chochote. Lakini ni lazima ibane waya mmoja peke yake, maana ikibana waya wa moto na nyutro kwa pamoja itasoma sifuri. Asiyezoea kushika umeme wa volti 240 amwachie fundi kazi ya kupima, kisha afanye hesabu mwenyewe.

Tuchukue birika la umeme lililoandikwa wati 2,000 kwa volti 240, ambalo limechomekwa kwenye soketi ya jikoni. Birika likichemsha maji, mita inasoma volti 232 na ampea 8. Ukinzani wake ni 232 ÷ 8, yaani omu 29, na nguvu yake ni 232 × 8, yaani wati 1,856. Birika lenyewe ni zima. Limepungukiwa wati kwa sababu limepokea volti pungufu. Hesabu hii inafaa kwa vifaa vya kupasha joto kama birika na pasi. Kwa feni au friji, ambazo zina mota, kuzidisha volti kwa ampea huweza kutoa jibu kubwa kuliko wati halisi, kwa kuwa katika mota mkondo hauendi sambamba na volteji. Huko tumia mita inayosoma wati moja kwa moja.

Sasa pima volti kwenye swichi kubwa, birika likiwa bado linachemsha. Tuseme unapata 238. Volti 6 zimepotea njiani, kati ya swichi kubwa na soketi, na mkondo uliopita njia hiyo ni ule ule wa ampea 8. Basi ukinzani wa njia ni 6 ÷ 8, yaani omu 0.75, na nguvu inayogeuka joto humo ni 6 × 8, yaani wati 48. Joto hilo likienea katika waya mrefu halina madhara makubwa, lakini waya ukiwa mfupi na mnene, sehemu kubwa ya wati hizo imekusanyika kwenye kiungo kimoja kilicholegea au kuliwa na chumvi, na hizo zinakaribia joto la chuma ambacho mafundi wa redio huyeyushia risasi. Fyuzi ya ampea 13 haiwezi kukuokoa hapo, kwa sababu ampea 8 ziko chini ya kiwango chake.

Joto la njia hiyo pia hufuata mraba wa mkondo: P = I × I × R. Mkondo ukipungua hadi ampea 4, joto hushuka hadi 4 × 4 × 0.75, yaani wati 12, ambazo ni robo tu. Ndiyo sababu soketi mbovu huweza kuchaji simu kwa miaka bila dalili yoyote, kisha ikaungua siku ya kwanza inapochomekwa birika.

Zima swichi kubwa, hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, kisha fungua soketi. Kata shaba iliyogeuka nyeusi au kijani mpaka ufikie inayong'aa, kaza skrubu barabara, na kama plastiki imebadilika rangi, weka soketi mpya. Washa birika tena na upime ncha zote mbili za njia. Tofauti ikishuka hadi volti 1 kwa ampea 8, njia imebaki na omu 0.125 tu, na joto ni wati 8 zilizotawanyika katika urefu wa waya.