Namna ya kupiga graveli (baiskeli ya njia za kokoto na mchanga) Sologne, Ufaransa, kama miguu yako imezoea milima ya Moshi

Wadau wa baiskeli wa Moshi na Arusha, hii ni kwa wale mlioalikwa Ufaransa au mnategemea kualikwa, na najua mpo wengi, maana wageni tunaowapandisha mlima wakirudi kwao wanasema njoo ututembelee na wengine wanamaanisha kweli, wanakutumia mpaka barua ya mwaliko ya viza. Ukifika huko mwenyeji akakuambia twende Sologne na baiskeli, nenda, ila nenda ukiwa umejiandaa.

Sologne iko kusini ya mji wa Orléans, katikati ya mto Loire na mto Cher. Ni msitu na mabwawa, msitu na mabwawa, eneo la kama kilomita za mraba 5,000 na mabwawa karibu 3,000, na hakuna mlima hata wa kusingiziwa. Udongo wake ni mchanga juu na mfinyanzi chini, maji hayanywei kwenda popote, ndiyo maana zamani ilikuwa nchi ya tope na homa, na tangu enzi za kati watu, watawa wakiwemo, walichimba mabwawa wakafuga samaki. Misonobari mingi unayoiona leo ilipandwa karne ya 19.

Sasa mtu wa Moshi akisikia tambarare anasema aah mimi napandisha Kibosho kila Jumapili, hiyo nitaimaliza kabla ya chai. Hapana. Ukipandisha Uru unaumia sawa, lakini unajua kuna kushuka, na ukishuka miguu inapumzika, mgongo unanyooka, unakunywa maji, unapiga stori. Sologne hakuna kushuka. Ukiacha kukanyaga pedeli baiskeli inasimama, tena kwenye mchanga inasimama hapo hapo, kwa hiyo kilomita 60 za kule ni kukanyaga kilomita 60 zote, hakuna ya bure. Na makalio yanakaa kwenye siti muda wote, hilo ndilo linawatoa watu machozi kuliko mapaja.

Kwa hiyo kama miezi miwili kabla ya safari yahamishe mazoezi yako kutoka mlimani, yashushe huku chini. Kutoka mjini shuka Mabogini pita mashamba ya mpunga na mifereji, endelea kuelekea TPC kwenye kiwanda cha sukari, au zunguka upande wa Kahe. Zile barabara za ndani za miwa ni mali ya kampuni, omba ruhusa getini usijipenyeze tu, na ukikuta matrekta yanavuta matela ya miwa simama pembeni yapite. Wa Arusha shukeni Usa River mwende pande za Mbuguni, kule nako kumelala vizuri. Zoezi lenyewe ni moja tu, masaa mawili mpaka matatu bila kuacha kukanyaga, gia nyepesi kidogo, miguu izunguke haraka badala ya kusukuma kwa nguvu, na kila dakika kumi au kumi na tano unainuka kwenye siti unasimama juu ya pedeli sekunde kadhaa damu itembee. Ukizoea hilo la kuinuka umeshamaliza nusu ya kazi. Fanya kiangazi, maana masika udongo mweusi wa huko chini unakamata tairi mpaka haizunguki na hujifunzi chochote zaidi ya kubeba baiskeli begani.

Baiskeli yenyewe. Graveli ni ile yenye usukani uliopinda kama ya mashindano ila tairi nene, na kama huna, mautini (baiskeli ya milimani) yako ya mtumba inatosha kabisa, weka tairi isiyo na meno makubwa sana. Tairi iwe milimita 40 kwenda juu, usikubali kupewa nyembamba eti kwa sababu ni tambarare. Upepo wa tairi ndiyo siri ya Sologne. Sisi huku tumezoea kujaza mpaka tairi inalia ukiigonga, kule ukifanya hivyo kwenye mchanga unazama. Mtu wa kilo 70 na tairi ya 40 anza na baa (kipimo cha upepo wa tairi) 2 mpaka 2.5, ukiwa na tyubulesi, yaani tairi isiyotumia tyubu, unaweza kushuka hadi 1.8 hivi, ukiwa na tyubu usishuke sana maana ukigonga mzizi rimu inaibana tyubu inatoboka matundu mawili. Pampu za kule nyingi zinasoma kwa baa, psi 30 ni kama baa 2, ishike hiyo kichwani. Beba tyubu mbili, viraka, vyuma vya kutolea tairi na kiungo cha cheni. Fundi wa pembeni ya barabara kama tulivyozoea huku, kule hayupo, msituni uko peke yako.

Ukiingia kwenye mchanga punguza gia KABLA hujaingia siyo ukiwa ndani, sogeza uzito nyuma kidogo, legeza mikono, tazama mbali unakokwenda usitazame gurudumu la mbele, na uendelee kukanyaga kwa mwendo ule ule. Gurudumu la mbele litacheza cheza, liache licheze. Ukikamata usukani kwa nguvu au ukakata kona ghafla unaenda chini. Mvua ikinyesha mchanga unashikana unakuwa mzuri, lakini ule mfinyanzi wa chini unatunza madimbwi kwenye njia za matrekta, na dimbwi usilolijua kina chake litembelee pembeni kwa miguu.

Jambo ambalo nataka mlichukulie kwa uzito kuliko yote ni njia. Sisi huku hatupotei kirahisi, ukichanganyikiwa unatafuta Kibo iko wapi unajua kaskazini ni kule, na hata mawingu yakiifunika unaangalia maji yanateremkia wapi. Sologne hakuna cha kutazama. Vichochoro vya msituni vimenyooka vinafanana, misonobari kushoto misonobari kulia, bwawa, misonobari tena, ukikata kona tatu hujui umetokea wapi. Mito ya kule, Beuvron, Cosson, Sauldre, kwa sehemu kubwa inaelekea magharibi, hiyo inasaidia kidogo, ila usitegemee. Chora ruti nyumbani, iweke kwenye simu pamoja na ramani ya kutumia bila bando, maana mtandao msituni unakata, beba pawabanki, na kijiji cha mbele kiandike hata kwenye karatasi.

Na ruti usiichore tu kwa kufuata kila kamstari unakokaona kwenye ramani. Sehemu kubwa ya Sologne ni mali ya watu binafsi, matajiri wenye misitu yao ya kuwindia, na kwa miaka mingi walizungushia nyaya ndefu mpaka wanyama wakashindwa kupita. Kelele zikawa nyingi, na Februari 2023 ikapitishwa sheria kwamba uzio kwenye maeneo ya asili usizidi mita 1.20 na uachwe sentimita 30 kutoka chini wanyama wapenye. Ila sheria hiyo hiyo ikaweka faini kwa anayeingia kwenye msitu wa mtu uliowekewa alama. Kwa hiyo ukiona kibao cha "Propriété privée" hapo ni kwa mtu, geuza, hata kama simu inakwambia nyoosha moja kwa moja. Usiruke mnyororo, usipite pembeni ya geti. Tena sisi wageni wa rangi hii ni vizuri zaidi tusijiweke kwenye mabishano msituni.

Wapi uende basi bila wasiwasi? Kwa mara ya kwanza mimi namshauri mtu aanze na mfereji wa Sauldre. Ulichimbwa karne ya 19 kubebea udongo wa chokaa wa kurutubisha mashamba ya Sologne, unaanzia Blancafort unaishia Lamotte-Beuvron, kilomita karibu 47, na pembeni yake kuna njia. Sehemu nyingine ni kokoto nzuri, nyingine majani na mizizi, lakini huwezi kupotea maana maji yako hapo pembeni. Unapanda treni Paris kituo cha Austerlitz kuelekea Orléans na Vierzon, unashuka Lamotte-Beuvron (ukikata tiketi uliza nafasi ya baiskeli, usisubiri ufike mlangoni), unafuata mfereji kwenda mashariki mpaka Étang du Puits, bwawa kubwa kuliko yote ya Sologne, unakula hapo halafu unarudi. Ukirudi Lamotte kula keki bapa ya tofaa iliyogeuzwa juu chini, tarte Tatin, ndiko kwao, hoteli ya akina dada Tatin ilikuwa mkabala na stesheni. Kule pia ni makao ya michezo ya farasi Ufaransa, Julai mashindano ya watoto yanajaza nyumba zote za wageni, na wakati wowote ukikutana na farasi njiani punguza mwendo, salimia kwa sauti farasi ajue wewe ni mtu, pita taratibu ukiwa mbali.

Siku ya pili nenda upande wa Chambord. Hifadhi yake ina hekta 5,440 ndani ya ukuta wa kilomita 32, sehemu kubwa imefungwa kwa wageni, lakini kusini yake kuna msitu wa serikali wa Boulogne na ule una barabara za msituni ndefu zinazopitika vizuri. Na Saint-Viâtre usiikose, kijiji kimezungukwa na mabwawa na kina jumba la makumbusho la mabwawa yenyewe.

Msimu: Mei na Juni. Jua la Juni linazama karibu saa nne usiku, una siku ndefu ajabu. Septemba ni nzuri kwa hewa na kulungu wakubwa wanaunguruma msituni jioni, sauti ya kutisha kidogo, ila ndipo uwindaji unapoanza mpaka mwisho wa Februari. Kibao cha "Chasse en cours" maana yake watu wanapiga risasi sasa hivi, rudi ulikotoka bila mjadala, na miezi hiyo vaa rangi kali. Hata Mei asubuhi ni baridi kwa mtu wa Moshi, jaketi jepesi na glavu kanunue soko la mitumba la Memorial kabla hujaondoka.

Barabarani, KULIA jamani, kulia. Usalama wako wote uko hapo, hasa ukitoka kwenye kichochoro cha msitu unaingia lami, mwili unajipeleka kushoto wenyewe. Taa na kengele ni lazima kisheria, na usiku nje ya mji kizibao cha rifulekta ni lazima. Giza likianza nguruwe pori wanavuka ghafla. Namba ya dharura ni 112.

Chakula kibebe. Vijijini maduka yanafunga saa sita mchana mpaka saa nane au tisa, Jumapili mchana na Jumatatu mengi hayafungui kabisa, na hakuna mama ntilie wala muuza ndizi njiani. Nunua mkate asubuhi, na kama huli nguruwe uliza kwanza maana sandwichi nyingi ni za jambon, yaani nyama ya nguruwe, omba ya fromage yaani jibini. Ukiingia dukani anza na Bonjour kabla ya shida yako, kama tunavyoanza na shikamoo. Maji yakiisha nenda makaburini, vijiji vingi vina bomba hapo, ila ukiona "non potable" usinywe.

Jioni kabla ya kuoga jikague kupe, nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, kwenye nywele. Kupe wa kule wanaleta ugonjwa wa Lyme. Mchomoe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, usimpake mafuta wala usimchome na moto, na wiki zinazofuata ukiona duara jekundu linakua kwenye ngozi au homa, muone daktari, na kama umesharudi huku mwambie kabisa kwamba ulikuwa msituni Ufaransa ukaumwa na kupe, maana bila kusema atakupima malaria na taifodi mpaka basi.