Una sendofu Jumamosi na miguu imejaa madoa? Fanya hivi

Jamani tuliokulia Dar tunajuana, mbu alikung'ata, ukajikuna, kikawa kidonda, ukabandua kigaga kabla hakijakauka, na doa likabaki. Ongeza wembe, ongeza bomba la pikipiki lililokuunguza siku unashuka boda. Mguu wa bia unao lakini gauni fupi unaliangalia tu kabatini.

Mimi mara ya kwanza kuyaficha nilichukua fondesheni yangu ya usoni nikajipaka kama losheni, nikavaa gauni la krimu, nikapanda bajaji Tabata kwenda Sinza, nashuka tu gauni kwa ndani lina ramani na miguu yenyewe ya kijivu kama nimetoka mashine ya kusaga. Kwa hiyo ninachokwambia hapa nimekilipia.

Wembe au waksi fanya siku moja kabla, sio asubuhi ya shughuli, maana ukijikata hutakiwi kupaka meikapu juu ya kidonda kibichi. Siku yenyewe oga, sugua taratibu na dodoki, jikaushe, paka losheni nyepesi kidogo halafu ukae kama robo saa iingie. Mafuta ya mgando siku hiyo yaache, yanateleza na kila utakachopaka juu yake kitateleza nayo.

Sasa hapa ndio penye siri. Doa jeusi kwenye ngozi yetu lina kaubluu fulani kwa ndani, ndio maana ukifunika na fondesheni peke yake linatokea kama jivu. Kinachoua ule ubluu ni rangi ya chungwa. Tafuta konsila, ile krimu nzito ya kuficha madoa, ya rangi ya chungwa, kama we ni mweusi tii chukua chungwa iliyokolea inayoelekea wekundu, kama ni maji ya kunde au mweupe chukua iliyopauka kidogo. Huna hela ya konsila? Lipstiki ya chungwa isiyong'aa inafanya kazi, ila chukua kidogo mno kwa kidole. Weka juu ya doa tu, usitoke nje ya doa, na usipake kwa kuburuta, gonga gonga na kidole au spanji. Utajiona kama mtoto aliyechezea rangi, usiogope. Kama kovu lako ni jeupe kuliko ngozi basi chungwa ruka, nenda moja kwa moja kwenye fondesheni. Na kovu lililovimba utaficha rangi yake tu, uvimbe utabaki, hilo tukubaliane mapema.

Fondesheni iwe ya kufanana na mguu, sio uso, wengi wetu miguu na uso ni watu wawili tofauti. Ukienda Kariakoo usikubali mwenye duka akupake mgongoni mwa mkono chini ya taa yake, paka kwenye muundi, toka nje uangalie juani. Chukua ile isiyotoka na maji, na hili joto letu la mwezi wa kwanza ya kawaida inaondoka na jasho kabla MC hajashika maiki. Gonga tabaka jembamba juu ya ile chungwa, subiri dakika mbili tatu, ongeza jingine kama doa bado linachungulia. Matabaka mawili membamba yanakaa kuliko moja nene. Pembeni malizia kwa kufifisha ili kusiwe na mpaka.

Halafu poda, na hapa ndipo nilipokosea mimi. Ibonyeze, usiipanguse, iache dakika kumi hivi, ndio upunguze iliyozidi kwa brashi laini, kisha puliza ile sprei ya kushikisha meikapu. Ikikauka bonyeza tishu nyeupe juu yake, ikitoka na rangi rudia poda, ikitoka safi vaa gauni. Hata hivyo nguo nyeupe sikushauri, na kwenye daladala kaa miguu isisuguane na begi la mtu.

Kuna watakaokwambia achana na usumbufu wote huo, kuna krimu ya kukoroga madoa yanaisha wiki moja. Shosti kimbia. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, zile kemikali za kuchubua ngozi, vimepigwa marufuku Tanzania, zebaki inaharibu figo, na mkorogo unaweza kukuachia weusi mbaya kuliko ule uliokuwa unaukimbia. Madoa ya mbu mengi yanafifia yenyewe kwa miezi ukiacha kujikuna, ukilala kwenye neti na ukipaka losheni ya kukinga jua ya SPF 30 kwenda juu, maana jua linayakoleza. Ila doa ambalo ukiligusa halina hisia, au linakua na kubadilika rangi, au miguu inavimba na kuwa myeusi kuanzia kwenye vifundo, hilo sio la kufunika, nenda hospitali likaangaliwe.

Usiku ukirudi, hata kama umechoka kiasi gani, usilale nayo. Paka mafuta ya nazi miguu yote, acha dakika mbili, futa na kitambaa cha zamani, ndio uoge na sabuni. Sabuni peke yake haiitoi ile isiyotoka na maji, utasugua mpaka ujichubue upate doa jipya, na mashuka yatakusimulia asubuhi.