Tepa ya Morse kwenye mashine ya kukereza: kuipima, kuchagua slivu na kuifanya ishike

Biti ya kutobolea ikianza kuzunguka ndani ya telistoki (kichwa cha nyuma cha mashine ya kukereza), mkono wa fundi hukimbilia nyundo. Iache. Tepa ya Morse ni shina la umbo la koni linaloingia kwenye tundu la umbo hilo hilo. Kipenyo chake hupungua takriban milimita 1 kwa kila milimita 20 za urefu, na mteremko mdogo hivyo hujibana wenyewe, mradi chuma kimeguswa na chuma pande zote. Tepa isiyoshika ama ni namba nyingine, ama ni chafu, ama imekwaruzika.

Hatua ya 1: Jua namba

Tepa za Morse hutajwa kwa namba kulingana na ukubwa. Pima upande mnene kwa vernia (kalipa). Kwenye mdomo wa tundu, namba 1 ni mm 12.065, namba 2 ni 17.780, namba 3 ni 23.825, namba 4 ni 31.267 na namba 5 ni 44.399. Ukipima shina lenyewe utapata zaidi kidogo, kama 18.0 kwa namba 2 au 24.1 kwa namba 3, kwa sababu hutokeza milimita chache nje ya tundu. Mteremko pekee hautakupa namba, maana tofauti yake kati ya namba na namba ni ndogo mno kwa vernia.

Hatua ya 2: Chagua slivu

Slivu ni bomba la koni linalounganisha tepa ndogo na tundu kubwa. Nje ifuate mashine, ndani ifuate kifaa. Telistoki ya namba 3 na biti ya namba 2: slivu ya 3 kwa 2. Kutoka 4 kwenda 2 tafuta slivu moja, usipachike mbili. Kila uso unaoongezwa huongeza kuyumba.

Angalia pia ulimi, kile kipande bapa kilicho nyuma ya biti. Telistoki nyingi hazina nafasi ya kuushika, kwa hiyo msuguano ndio unaobeba mzigo wote. Biti ya mm 22 ikisukumwa kwenye chuma kigumu bila tundu la awali huteleza na kukwangua tundu la telistoki. Anza na biti ya mm 6 au 8, kisha panua.

Hatua ya 3: Safisha, kisha kagua

Futa tepa na tundu kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, halafu kwa kikavu. Pitisha kidole: chembe usiyoiona utaihisi. Chora mistari mitatu ya penseli laini au rangi ya bluu ya kukagulia kwa urefu wa tepa, ingiza, zungusha robo, toa. Mistari ikifutika kote, vizuri. Ikifutika mdomoni tu au mwishoni tu, mteremko haulingani, na hakuna kukaza kutakakoponya hilo. Ikifutika doa moja, pana ukingo ulioinuka: uondoe kwa jiwe la kunolea. Tundu lililokwaruzika lipitishiwe rima (kifaa cha kukwangua tundu) ya Morse ya kumalizia kwa mkono, taratibu. Msasa kwenye kidole hulifanya kuwa pipa.

Hatua ya 4: Kufunga na kutoa

Sukuma kwa nguvu ya mkono kwa mpigo mmoja. Kutoa, rudisha gurudumu la telistoki hadi skrubu isukume shina. Shina fupi halitafikiwa. Kama lina nyuzi za M10 nyuma, lirefushe kwa skrubu isiyo na kichwa, kwani kichwa cha boliti ya M10 hakipiti kwenye tepa ya namba 2. Slivu yenye dirisha hutolewa kwa kabari bapa. Senta (ncha ya kushikilia kazi) iliyo baridi usiiache ndani ya spindeli, yaani mhimili unaozunguka wa mashine, iliyopata moto: ikipoa itaibana na utaitafuta kwa jasho.

Hatua ya 5: Tepa fupi ya chaki ya drili

Chaki ya drili ni kishikio cha biti, nayo hukaa juu ya shina lake kwa tepa fupi. Hapa ndipo wanaookota chaki za mitumba Shimanzi na Changamwe, Mombasa, hukwama. Kuna aina mbili za tepa fupi zinazofanana: B16 ina mm 15.733 upande mnene, JT33 ina 15.850, na kwa macho ni mapacha. Pima pointi mbili zilizoachana milimita 20: B16 hupungua karibu mm 1.0, JT33 karibu mm 1.27. Ukizichanganya, chaki hukaa, hucheza, kisha huanguka. Na hata zikilingana, usiitumie chaki hiyo kushika kisu cha kusaga: msukumo wa pembeni huilegeza.

Ukimaliza, paka mafuta mepesi kabla ya kuhifadhi. Upepo wa chumvi wa pwani huweka kutu upesi kwenye tepa iliyoachwa wazi, nayo kutu hiyo ndiyo utakayoihisi kwa kidole kwenye hatua ya 3.