Jinsi ya kuwanunulia watoto nguo, viatu na begi bila kulipia rangi

Kabla hujaenda kununua, wapime watoto. Usitegemee umri, kwa sababu kibandiko cha "miaka 8" kwenye nguo ya kike na kile cha nguo ya kiume mara nyingi havilingani. Chukua tepu ya fundi, na kama huna, kamba yenye mafundo inatosha. Pima kiuno, kifua, kutoka begani hadi gotini, na mguu kwa upande wa ndani hadi kwenye kifundo. Andika kwenye simu. Kwa viatu, msimamishe mtoto juu ya kipande cha boksi, chora nyayo zote mbili, ongeza mbele upana wa kidole chako kidogo, kisha kata. Kipande hicho ndicho utakachokiingiza kwenye kiatu dukani. Kikijikunja, kiatu ni kidogo, hata muuzaji aape kwamba kitatanuka.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Kirumba, hapa Mwanza, na nimejaliwa mapacha: Kulwa wa kike na Doto wa kiume. Wana miaka minane sasa. Kiuno chao ni inchi 22 wote wawili, na nyayo zao nikizipandanisha hazipishani. Watoto wa umri huu miili yao bado inafanana sana. Mpaka wakaribie kubalehe, tepu haiwezi kukuambia yupi ni yupi. Duka linawatenganisha hata hivyo, mmoja kulia na mwingine kushoto, na anayelipa mara mbili ni mimi. Nyuma yao yuko mdogo wao Shija anayesubiri kurithi. Nguo nzima, isiyo na tundu, ikikosa mrithi kwa sababu ya rangi tu, hiyo ni hela ya kula imekunjwa na kuwekwa chini ya kitanda.

Nianze na mitumba, maana wengi wetu ndiko tunakonunua. Pale sokoni Mlango Mmoja nguo za watoto hukaa kwa mafungu, huku za kike, huku za kiume. Pekua mafungu yote. Muuzaji atakuwahi: "Mayu (yaani mama, kwa Kisukuma), hizo ni za kiume, za kike njoo huku." Mjibu kwa upole kwamba unatafuta kiuno cha inchi 22, kisha endelea kuchambua. Yeye anataka kuuza, hatakufukuza.

Ukishapata suruali mbili za kipimo kimoja, zilinganishe kama fundi anavyolinganisha. Mwezi uliopita nilishika jinzi mbili, moja kutoka kila fungu, zote zimeandikwa miaka 8, muuzaji mmoja, bei moja. Ile ya kiume mfuko wake uliumeza mkono wangu mpaka kwenye kifundo cha mkono, na kitambaa cha mfuko kilikuwa pamba ngumu. Magotini ilikuwa imewekwa kitambaa cha pili. Chini ilikuwa na pindo la inchi moja na nusu, yaani mtoto akirefuka unafumua, unashusha, anaivaa mwaka mwingine. Ile ya kike ilikuwa na kipepeo cha shanga pajani. Mfuko wa mbele ulikuwa mstari wa uzi tu, hauna pa kuingizia hata shilingi. Nilipoiinua kwenye jua niliona vidole vyangu upande wa pili. Pindo lake halikufika nusu inchi. Nilinunua ile ya kiume iwe ya Doto, na nikarudi kuchambua mpaka nikapata nyingine ya Kulwa.

Kwa hiyo kila nguo ifanyie haya: ingiza mkono mfukoni, iinue kwenye mwanga, geuza ndani nje uone kama mshono umepigwa ovaloki (uzi wa kuzuia kingo zisifumuke), kunjua pindo, vuta lastiki ya kiunoni uone kama inarudi. Ni kazi ya dakika moja. Ukimaliza ndipo uangalie rangi.

Suala la mfuko nitakaa nalo kidogo, kwa sababu naliona dogo likiwatesa wasichana kila siku. Sare ya shule zetu za msingi za serikali ni shati jeupe na bluu chini. Kaptula ya mvulana inakuja na mifuko miwili bila mtu kuuliza. Sketi ya msichana mara nyingi haina hata mmoja. Sasa huyo binti anapewa mia tano ya mihogo, ana kichongeo, pengine ana ufunguo wa nyumba kwa sababu mama yuko kibandani hadi jioni. Aviweke wapi? Anashika mkononi, anafunga kwenye ncha ya sweta, anavipoteza, kisha jioni anaambiwa wasichana hawana umakini. Mtoto hana kosa hapo. Sketi ndiyo imeshonwa vibaya.

Unapopeleka kushona sare, mwambie fundi mapema: "Naomba mfuko ubavuni." Kama sketi umeinunua tayari, inawekwa pia. Mshono wa ubavu wa kulia unafumuliwa kuanzia inchi moja na nusu chini ya mkanda wa kiuno, inchi tano kwenda chini. Vinakatwa vipande viwili vya pamba au tetroni, vipana vya kutosha mkono wa mtoto kuingia wote na kugeuka. Kila kipande kinashonewa kwenye upande wake wa mshono uliofumuliwa, vinageuziwa ndani, vinaunganishwa kwa kuzungushwa mara mbili, halafu pembe za mdomo zinapigwa uzi wa kurudia ili zisichanike. Kwenye sketi ya marinda mfuko hujificha kabisa ndani ya rinda. Mimi sketi yoyote ya shule inayopita mezani kwangu naiwekea mfuko bila kuongeza bei. Ukimkuta fundi anayekutoza, elfu mbili inatosha, na usimkubalie akikwambia sketi haiwekwi mfuko.

Viatu. Mji huu ni wa mawe. Mtoto anayeshuka kutoka Bugarika au Mabatini kwenda shule anakanyaga miamba asubuhi na jioni, na mvua zikinyesha njia inakuwa utelezi mtupu. Viatu vya shule "vya kike" vingi vina soli nyembamba, mkanda mmoja mwembamba na ua la plastiki linalobanduka wiki ya kwanza. Vya kamba vinavyowekwa upande wa wavulana vina soli nene yenye meno. Kikunje kiatu: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika, siyo katikati. Bonyeza kisigino, kiwe kigumu. Tazama kama soli imeshonwa au imegundishwa tu. Muulize mwalimu kabla ya Januari shule inataka nini; shule nyingi zitakwambia cheusi, basi. Kulwa anavaa vya kamba sawa na kaka yake.

Kwenye begi ndipo bei inapojificha. Katika duka moja mjini niliuliza begi lenye picha ya binti mfalme, nikaambiwa 18,000. La pembeni yake, lenye picha ya gari, 15,000. Nilifungua yote mawili: zipu ile ile, mifuko ile ile, kitambaa kile kile. Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa kwamba la pinki linatoka sana. Mambo haya yameshachunguzwa mbali na hapa. Mwaka 2015 idara ya jiji la New York inayowahudumia walaji ililinganisha bei za bidhaa karibu 800, za kike na za kiume zinazofanana. Vitu vya kuchezea vya wasichana vilizidi bei kwa wastani wa asilimia 7, na nguo za watoto wa kike kwa asilimia 4. Ulikuwemo mfano wa skuta ya mtoto ya Radio Flyer: nyekundu dola 24.99, ya pinki dola 49.99.

Dawa yake sokoni ni namna ya kuuliza. Usianze na kile mtoto alichokikodolea macho. Uliza kwanza bei ya kile cha bluu au cheusi, ngoja jibu, halafu uliza bei ya kile cha pinki ukiwa umeshika vyote viwili. Kama zinatofautiana, sema waziwazi: "Kaka, ni begi moja hili, niuzie kwa bei ya lile." Wengi hushuka hapo hapo. Asiposhuka, chukua lisilo na picha, jeusi, kijani au bluu iliyokolea. Vuta mikanda kwa nguvu pale inaposhonewa juu, maana begi hufia hapo, na ufungue zipu mara kadhaa. Picha mtoto anaweza kujichorea au ukamdarizia. Ya Doto nilimdarizia sangara, ya Kulwa akataka mamba.

Nyumbani ndiko kwenye maneno mengi. Mama mkwe wangu aliyeko Magu alimwona Doto na sweta la zambarau, akaniuliza, "Mama Kulwa, huyu mtoto umemvalisha nguo ya dada yake?" Ni mtu ninayemheshimu, sikubishana naye. Nilimwonyesha picha ya harusi ya mwanawe, shati lake la kitenge lenye maua ya pinki kifua kizima, na yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kile kitenge. Akacheka, akamvuta Doto akampakata. Huu utaratibu wa pinki kwa wasichana na bluu kwa wavulana si wa kale kama tunavyoudhania, na hata huko ulikotoka haukuwa hivyo siku zote. Huko Marekani jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto liliandika mwaka 1918 kwamba pinki ndiyo ya wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu zaidi, na bluu ya wasichana. Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wao, alipigwa picha mwaka 1884 akiwa mtoto mdogo, amevaa gauni jeupe na nywele ndefu, kama walivyovaa watoto wengi wa kiume wa huko wakati ule. Ukiwa na mambo mawili ya hivi mkononi, mazungumzo na wakubwa yanakuwa mepesi.

Shuleni ni pagumu zaidi, kwa sababu huko wewe haupo naye. Doto alitaniwa kwa lile sweta. Mpe mtoto sentensi moja fupi ya kujibu na muifanyie mazoezi nyumbani. Ya Doto ni hii: "Ni langu, na sisikii baridi." Utani ukizidi, mwone mwalimu wa darasa ana kwa ana. Na kama mtoto mwenyewe akisema hataki tena kulivaa, mwache. Nguo ni yake, na si haki kumtuma mtoto wa miaka minane akapigane vita vya mama yake.

Hilo linakwenda pande zote mbili. Binti akiipenda pinki, mnunulie pinki. Kulwa ana gauni la pinki la sikukuu analolipenda kuliko nguo zake zote, na lina mifuko miwili mirefu, nimeiweka mwenyewe.

Vya kuchezea nitavisema kwa kifupi. Sikukuu zikikaribia utakuta vyombo vya jikoni na wanasesere upande mmoja, magari na bunduki upande mwingine. Nunua kitu ambacho watoto wawili wanaweza kukichezea pamoja: mpira, gololi, drafti, matofali ya plastiki ya kujengea. Baiskeli "ya kike", ile yenye bomba lililoshuka, inamfaa mtoto yeyote anayejifunza kwa sababu anashuka haraka anapoyumba. Na kama mnasafiri kwa mtumbwi au boti kwenda visiwani, jaketi la kujiokolea huchaguliwa kwa uzito wa mtoto, nao umeandikwa ndani. Hapo usimruhusu mtu akuletee habari za rangi. Tukirudi dukani: huko California, Marekani, tangu Januari 2024, sheria inayataka maduka makubwa yenye wafanyakazi 500 na kuendelea yawe na sehemu ya vitu vya kuchezea na vya kulelea watoto isiyotenganisha wasichana na wavulana. Kwetu muuzaji anaweza kufanya hivyo kwa hiari: apange kwa saizi. Mwambie. Kijana mmoja ninayenunua kwake alijaribu, na sasa wateja wanafika moja kwa moja kwenye fungu la kipimo chao bila kumvurugia meza.

Ndugu wanaoleta zawadi wasaidie kabla hawajanunua. Mimi hutuma ujumbe kama huu: "Shikamoo dada. Kulwa na Doto wote kiuno inchi 22, kiatu namba 31. Kulwa anapenda wanyama wa majini, Doto anapenda kuchora. Rangi yoyote. Shija atarithi, kwa hiyo kitu kigumu ni bora zaidi. Ubarikiwe." Watu hufurahi kuambiwa. Wengi hununua pinki kwa kukosa habari nyingine kuhusu mtoto.

Nguo zikiwabana wakubwa, zifue, zikaushe juani, kisha zitenge kwa kipimo na siyo kwa mwenyewe. Mimi natumia viroba vitatu, na juu ya kila kimoja nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: kiuno 18, kiuno 20, kiuno 22. Zile zinazohitaji kufumuliwa pindo au kubadilishwa lastiki ziweke juu kabisa, na uzipeleke kwa fundi Oktoba au Novemba. Desemba mezani kwetu kunajaa sare, na utakuja kunililia tarehe mbili Januari wakati siwezi tena kukusaidia.